Mada ya 6: Kutathmini Athari za Mabadiliko ya Tabianchi na Hatua za Kuhimili katika Sekta Kuu za Tanzania

Swali la mada hii huja kwa sura nyingi, lakini kitenzi chake karibu kila mara ni "tathmini" au "jadili". Watahiniwa wengi hulijibu kana kwamba wameambiwa "taja". Huandika ukame, mafuriko, njaa na magonjwa, kisha hugeuza ukurasa na kuandika kupanda miti, kutoa elimu na kutunga sheria. Jibu la namna hiyo si la uongo, ila halijapima chochote. Lingeweza kuandikwa kuhusu nchi yoyote duniani, na msahihishaji huligundua hilo tangu mstari wa tatu.

Unapotathmini, jiulize maswali manne kwa kila sekta. Kwanza, ni kitu gani hasa kimebadilika: joto, kiasi cha mvua, wakati wa mvua au usawa wa bahari? Pili, badiliko hilo limemfikia nani na kwa njia gani, na je, kuna sababu nyingine zisizo za tabianchi zilizochangia madhara hayo? Tatu, ni hatua gani ya kuhimili imechukuliwa? Nne, hatua hiyo imemsaidia nani, imemgharimu nani, na imegusa sekta gani nyingine? Swali la nne ndilo linalosahaulika zaidi, nalo ndilo linalotenganisha jibu zuri na jibu la kawaida. Katika mada hii tutalirudia mara nyingi.

6.1 Istilahi unazopaswa kuzitumia bila kuyumba

Hali ya hewa ni hali ya angahewa ya siku au wiki fulani. Tabianchi ni wastani wa hali hiyo kwa kipindi kirefu, ambacho kwa kawaida ni miaka 30. Kwa hiyo mvua moja kubwa, hata ikiua watu, peke yake haithibitishi mabadiliko ya tabianchi. Kinachothibitisha ni mwelekeo wa miaka mingi.

Kupunguza ni kushusha kiasi cha gesijoto kinachoingia angani. Kuhimili ni kujirekebisha ili madhara yaliyopo na yajayo yasituumize sana. Tanzania huzalisha sehemu ndogo mno ya gesijoto za dunia, na ndiyo maana katika mada hii uzito uko kwenye kuhimili. Mtahiniwa akiulizwa hatua za kuhimili akajaza ukurasa mzima kwa habari za kupunguza moshi wa viwanda, amejibu swali jingine.

Uathirikaji ni kiwango cha mtu, mahali au sekta kuweza kudhurika. Hutegemea ukubwa wa hatari, iwapo mhusika yuko kwenye njia ya hatari hiyo, na uwezo alionao wa kujirekebisha. Wakulima wawili wa wilaya ya Same wanaweza kukosa mvua ileile ya vuli. Mmoja ana shamba ndani ya skimu ya umwagiliaji, mwingine hutegemea wingu. Ukame wao ni mmoja, lakini uathirikaji wao ni tofauti.

Kumbuka pia kuwa nchi yetu haina msimu mmoja wa mvua. Maeneo ya kaskazini, kaskazini mashariki na pwani ya kaskazini hupata vuli (Oktoba hadi Desemba) na masika (Machi hadi Mei). Maeneo ya kati, magharibi na kusini hupata mvua za msimu, kuanzia Novemba hadi Aprili hivi. Sentensi kama "mvua imepungua Tanzania" haina thamani katika mtihani. Taja eneo, taja msimu, kisha sema ni kiasi kilichopungua au ni mpangilio uliovurugika. Mara nyingi tatizo la mkulima ni mpangilio: mvua huchelewa kuanza, hukatika mahindi yakiwa yanachanua, au hushuka yote kwa siku chache.

6.2 Ushahidi wa Kilimanjaro na tahadhari yake

Mfano unaopendwa kuliko yote ni barafu ya Kilimanjaro, nao ni mzuri ukiutumia vizuri. Mwaka 1912 barafu ilifunika takriban kilomita za mraba 12.06. Mwaka 2007 ilikuwa imebaki takriban kilomita za mraba 1.85. Fanya hesabu mwenyewe: 12.06 toa 1.85 ni 10.21. Gawanya kwa 12.06, zidisha kwa 100, utapata karibu asilimia 85 iliyopotea.

Hapa ndipo wengi huanguka. Wakishaandika takwimu hiyo huongeza kuwa mito ya Moshi na Pangani inakauka kwa sababu barafu imeisha. Sivyo. Sehemu kubwa sana ya maji ya mlima hutoka kwenye mvua na ukungu unaonaswa na msitu ulio chini ya barafu. Barafu ni ushahidi mzuri wa tabianchi kubadilika, lakini ghala la maji ni msitu. Ndiyo maana moto wa msituni na ukataji miti Kilimanjaro ni hatari kwa maji kuliko kuyeyuka kwa barafu kwenyewe. Utofautishe ushahidi na sababu, na jibu lako litaonekana limefikiriwa.

6.3 Maji na nishati: Mto Ruaha Mkuu

Ukilazimika kujifunza mfano mmoja tu wa mada hii, jifunze huu, kwa sababu sekta nne hukutana ndani ya mto mmoja.

Ruaha Mkuu hukusanya maji kutoka milima ya Mbeya na Njombe, hushuka katika bonde la Usangu, hupita kwenye ardhioevu ya Ihefu, huingia Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, kisha hufika bwawa la Mtera (megawati 80) na baadaye Kidatu (megawati 204). Usangu kuna mashamba makubwa na madogo ya mpunga, hasa wilayani Mbarali. Kuna mifugo. Hifadhini kuna viboko, mamba na watalii wanaowafuata. Chini kabisa kuna mitambo ya umeme.

Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 mto huu umekuwa ukiacha kutiririka ndani ya hifadhi wakati wa kiangazi. Mwaka 2006 kina cha Mtera kilishuka mno, na taifa likaingia katika mgawo mkali wa umeme. Wakati huo sehemu kubwa ya umeme wa gridi ilitokana na maji, kwa hiyo viwanda, saluni, mashine za kusaga na hospitali vyote viliguswa na kiangazi cha bonde moja.

Je, hayo ni mabadiliko ya tabianchi? Jibu ni "kwa sehemu". Miaka ya ukame ilichangia. Lakini watafiti waliochunguza bonde hilo walionyesha kuwa maji mengi ya kiangazi yalikuwa yakichepushwa kwenye mabanio ya umwagiliaji huko juu, mengine yakiachwa yatiririke mashambani hata baada ya mpunga kuvunwa. Hifadhi, wafugaji, wakulima na mitambo walikuwa wakigombea ndoo moja, na ukame ukaja kuipunguza ndoo hiyo. Sentensi kama hiyo ya mwisho, ukiiandika kwa maneno yako, ni tathmini.

Sasa tazama hatua zilizochukuliwa. Mwaka 2006 na 2007 wafugaji wengi waliondolewa Usangu na Ihefu, na mwaka 2008 eneo hilo likaunganishwa na Hifadhi ya Ruaha. Ardhioevu ilipata nafuu ya kwato. Lakini baadhi ya wafugaji walihamia mikoa ya Lindi na Pwani, na migogoro ya ardhi kati yao na wakulima ikafuata huko. Gharama ya hatua haikupotea. Ilihama na ng'ombe. Wakati huohuo mabanio ya mpunga yalibaki, na mto haukurudi kutiririka mwaka mzima kama zamani.

Hatua nyingine ilikuwa kupanua vyanzo vya umeme. Gesi asilia ya Songosongo ilianza kutumika kuzalisha umeme mwaka 2004, na bomba la kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam likakamilika mwaka 2015. Gesi haiogopi kiangazi, ila huzalisha gesijoto, hivyo hatua ya kuhimili inaweza kugongana na lengo la kupunguza. Kisha likaja Bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115. Ni mtambo mkubwa kuliko mingine yote nchini, na mtahiniwa atakuwa sahihi kuandika kuwa umeongeza sana uwezo wa gridi. Lakini fungua ramani. Mtera, Kidatu, Kihansi na Julius Nyerere vyote viko katika bonde moja kubwa, yaani bonde la Rufiji. Maji ya bwawa jipya hutoka zaidi Kilombero kuliko Ruaha, na hilo ni la kheri. Hata hivyo, ukame mkubwa ukigusa nyanda za juu za kusini zote kwa pamoja, utagusa mitambo yote hiyo. Kwa maoni ya mwandishi, swali la kweli kuhusu bwawa hili si kama ni zuri au baya, bali ni nani anayelinda vyanzo vya Kilombero, na kwa fedha zipi.

6.4 Kilimo na mifugo

Kilimo huchangia karibu robo ya pato la taifa na huajiri sehemu kubwa ya Watanzania, wengi wao wakitegemea mvua. Mpango wa taifa wa hatua za haraka za kuhimili wa mwaka 2007, maarufu kwa kifupi cha NAPA, ulinukuu makadirio kuwa mavuno ya mahindi yangeweza kushuka kwa wastani wa asilimia 33 nchini endapo joto lingepanda kama ilivyotabiriwa, na kushuka zaidi ya hapo katika mikoa ya kati. Angalia neno "makadirio". Takwimu hiyo ni ya mfano wa kihesabu kuhusu siku zijazo. Ukiandika "mavuno yameshuka kwa asilimia 33" umebadilisha utabiri kuwa historia.

Hatua inayotajwa sana kwa Dodoma na Singida ni kuhama kutoka mahindi kwenda mtama na uwele, mazao yanayovumilia ukame. Ni ushauri wa muda mrefu, wa zamani kuliko hata neno tabianchi. Kwa nini basi bado mahindi yamejaa mashambani? Kwanza, mtama huvutia kweleakwelea, ndege wanaoshuka kwa maelfu na kumaliza shamba kwa siku chache; mkulima mdogo hulazimika kuwaweka watoto shambani kuwinga ndege wakati wa shule. Pili, soko na sahani: walaji wengi hupendelea ugali wa mahindi, na bei hufuata mdomo. Mbegu za mtama zinazokomaa mapema zipo, na Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania huendelea kuzisambaza. Lakini hatua ya kuhimili inayopuuza ndege, soko na muda wa kazi wa mama na watoto itaishia kwenye semina.

Kahawa ya Arabika ni mfano mwingine wa mpaka wa kuhimili. Joto linapopanda, mkulima wa Kilimanjaro angependa kupanda mibuni juu zaidi mlimani kwenye baridi. Juu yake kuna msitu wa hifadhi, uleule ulio ghala la maji. Kwa hiyo hawezi kupanda juu, na chini joto linaongezeka. Kivuli cha miti na migomba, na miche mipya inayostahimili magonjwa, ndiyo njia iliyobaki.

Kwa mifugo, mfano wa kukariri ni ukame wa 2009 katika wilaya za Longido, Monduli na Ngorongoro, ambapo kaya nyingi za wafugaji zilipoteza karibu kila kitu na serikali ikaja kutoa mifugo ya kifuta machozi. Kifuta machozi ni msaada baada ya hasara. Malambo, njia za kuhama zilizolindwa, nyasi zilizohifadhiwa na taarifa za mapema ni kuhimili. Usivichanganye.

6.5 Bahari na pwani: wakulima wa mwani Zanzibar

Kilimo cha mwani kwa biashara kilianza Zanzibar mwaka 1989. Wengi wa wakulima wake ni wanawake. Kazi hufanyika wakati wa maji ya bamvua, bahari inapotoka mbali na kuacha vina vidogo: mama hupigilia vigingi mchangani, hufunga vipande vya mbegu kwenye kamba, kisha husubiri wiki kadhaa avune. Kwa wanawake wengi wa Paje, Jambiani na vijiji vingine vya pwani ya mashariki, hiyo ilikuwa mara ya kwanza kuwa na fedha zisizopitia mkononi mwa mume, na nyumba nyingi na ada za shule zimetoka humo.

Kuna aina mbili kuu: kotonii, yenye bei nzuri, na spinosi, yenye bei ndogo. Maji ya kina kifupi yanapopata joto kupita kiasi, kotonii hupauka, hulainika na kukatika kabla ya kuvunwa. Spinosi huvumilia zaidi. Tazama mnyororo: joto la bahari limepanda, zao la bei nzuri limekufa, mkulima amebaki na zao la bei ndogo, kipato kimeshuka ingawa bado analima. Mwanafunzi anayetazama tani tu atasema sekta ni salama. Anayetazama mfuko wa mama ataona athari.

Hatua iliyojaribiwa ni kuhamishia kotonii kwenye maji ya kina kirefu yenye joto la chini, kwa kutumia nyavu za mfano wa bomba badala ya kamba na vigingi. Kitaalamu mwani hukua. Lakini kina kirefu hudai chombo, nyavu na kuogelea, na wanawake wengi waliolima ufukweni kwa miaka 20 hawakufundishwa kuogelea. Wasipopewa mafunzo na mitaji ya vyombo, kazi inayolipa itahamia kwa wanaume wenye mashua. Hatua inaweza kuokoa zao na kumpoteza mkulima. Hili ni swali la nne kwa ukamilifu wake, na hakuna mfano mwepesi zaidi wa kulionyesha. Kusindika mwani kuwa sabuni na unga ni hatua nyingine inayosaidia, kwa sababu huongeza bei bila kuhama ufukweni.

Mifano mingine ya pwani: Kisiwa cha Maziwe karibu na Pangani, ambacho zamani kilikuwa na miti na sasa ni fungu la mchanga linalofunikwa maji yanapojaa (kumbuka kuwa ukataji wa miti ulichangia), na ukuta wa bahari kando ya Barabara ya Barack Obama, Dar es Salaam. Ukuta hulinda barabara na majengo. Mikoko hulinda pwani na pia huzalisha samaki, ila huhitaji nafasi na muda.

6.6 Afya

Hapa usiandike zaidi ya aya moja isipokuwa umeulizwa. Joto huruhusu mbu wa malaria kuishi katika nyanda za juu ambako zamani baridi iliwazuia, na watu wa huko hawana kinga ya kutosha. Mafuriko huchanganya vyoo na visima, kipindupindu hufuata. Baada ya mvua kubwa za mwishoni mwa 2006, homa ya bonde la ufa ililipuka mwaka 2007 ikaua mifugo na watu, na mfano huo una faida kwa kuwa huunganisha afya na mifugo katika sentensi moja.

6.7 Miji: jibu dhaifu na jibu imara

Swali: Tathmini hatua za kuhimili mafuriko katika jiji la Dar es Salaam.

Jibu dhaifu: "Mafuriko husababishwa na mabadiliko ya tabianchi. Serikali imewahamisha watu mabondeni na kuwapa elimu. Pia wananchi wapande miti na wasitupe taka ovyo."

Jibu imara: "Mvua kubwa za Desemba 2011 zilisababisha mafuriko katika bonde la Msimbazi na kuua takriban watu 40. Mvua ilikuwa kubwa mno, lakini madhara yaliongezwa na makazi yasiyopangwa, taka na mchanga uliojaza mto. Serikali iliwahamishia baadhi ya waathirika Mabwepande. Hatua hiyo iliwaondoa kwenye njia ya maji, ila Mabwepande iko mbali na kazi zao za mjini, hivyo baadhi walirudi bondeni. Inaonyesha kuwa wakazi hawakukaa Jangwani kwa kutojua hatari. Walikaa kwa sababu ndipo riziki ilipokuwa karibu. Mradi wa sasa wa bonde la Msimbazi unaotaka kupanua njia ya mto na kutenga eneo la wazi una nafasi nzuri zaidi, iwapo fidia na makazi mbadala vitazingatia nauli na kipato."

Majibu yote mawili yana hatua ya kuhamisha watu. La pili limetaja mahali na mwaka, limetenganisha tabianchi na sababu nyingine, na limeuliza kwa nini hatua ilifanikiwa nusu. Halina maneno makubwa.

6.8 Mikakati ya taifa

Kwa ufupi: Tanzania iliridhia Mkataba wa Mabadiliko ya Tabianchi wa Umoja wa Mataifa mwaka 1996 na Mkataba wa Paris mwaka 2018. Ilitoa NAPA mwaka 2007, mkakati wa taifa mwaka 2012, na mkakati wa 2021 hadi 2026. Uratibu hufanywa na Ofisi ya Makamu wa Rais. Utabiri hutolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania. Tarehe hizi ni za kuunga mkono hoja. Zisiwe hoja.

Maswali ya kujipima

1. "Kukauka kwa Ruaha Mkuu ni tatizo la tabianchi." Kwa kutumia sekta tatu, eleza unakubaliana na kauli hii kwa kiwango gani.

2. Mwaka 2024 uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulisitishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Maji ya juu ya ziwa yanapopata joto, hayachanganyiki vizuri na maji ya chini yenye virutubisho, na chakula cha dagaa hupungua. Je, kusitisha uvuvi kunashughulikia joto la ziwa, uvuvi uliokithiri, au vyote? Taja kundi moja linalopoteza kipato kwa miezi hiyo mitatu, na upendekeze lisaidiweje.

3. Mnamo Desemba 2023 matope yaliporomoka kutoka Mlima Hanang hadi Katesh na kuua zaidi ya watu 80. Tenganisha mchango wa mvua na mchango wa umbo na udongo wa mlima.

4. Chagua hatua moja ya kuhimili inayotekelezwa katika kijiji, mtaa au wilaya yako. Zungumza na watu wawili inaowahusu, mmoja aliyenufaika na mmoja ambaye hakunufaika, kisha andika tathmini ya kurasa mbili ukitumia maswali manne ya mwanzo wa mada. Usitaje majina yao.